Kibanda Namba Mbili

Nakodisha ulimi wangu kwa saa.
Jioni naurudisha kinywani na kuukagua kama umerudi mzima.
Leo niko kibanda namba mbili, nyuma ya kioo,
mkutano wa afya, usalama na mazingira, Katowice,
na nje mvua inasitasita kugeuka theluji.

Wamejaa. Shingo mia nne na ushei, kila shingo na utepe,
kila utepe na jina la kampuni iliyolipia kahawa.
Wenye migodi wamekuja, wenye vinu vya chuma,
wauza kofia, wauza barakoa, wauza bima.
Mwaka jana viti hivi vilikaliwa na makoti.
Mwaka jana Shimo la Saba lilikuwa bado linapumua.

Bwana Drozdek, mkurugenzi, anapanda jukwaani.
"Tukio la Machi," anasema.
Natafsiri: tukio la Machi.
"Tukio hilo limetufunza mengi."
Natafsiri.
Kipolandi chake ni laini, kimepigwa pasi;
neno analolitumia latosha hata kwa basi lililochelewa.
Watu kumi na mmoja wamelazwa ndani yake
na bado lina nafasi.

Mapumziko nashuka kwenye meza za maonyesho.
Kalamu za bure, peremende za bure,
na binti mmoja, beji yake inasema Kinga,
ananadi kitambuzi cha gesi kisichodanganyika.
Alojzy Szczyrba, mwokoaji mstaafu wa migodini,
sare imembana tumboni, anasikiliza mpaka mwisho.
Kisha anatoa mkate wake kwenye mfuko wa nailoni,
anakivika kitambuzi ule mfuko kichwani,
anaufunga kwa utepe wa shingo yake mwenyewe.
Kinga anafungua mtungi mdogo wa majaribio.
Sifuri. Anafungua zaidi. Sifuri.
"Haya," anasema Szczyrba, "hakuna gesi. Tuchimbe."
Kombe limefunikwa; apitaye apite.
Anakula mkate wake wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi,
makombo yakidondoka juu ya vipeperushi.

Ratiba ya mchana:
saa nane kamili, dakika moja ya kimya;
saa nane na dakika moja, mdhamini mkuu.
Wote wakasimama. Nami nikasimama,
kipaza sauti wazi, taa nyekundu inawaka,
maana hakuna aliyewahi kunifundisha kimya hutafsiriwaje.
Nikapumua tu.
Masikioni mwa Wachile na Waturuki
kulikuwa na pumzi yangu, na kwa mbali mashine ya kahawa.
Nilihesabu: sekunde arobaini na moja.

"Kama nilivyosema," akaanza Drozdek, "baada ya tukio..."
"Baada ya vifo," nikasema mimi.
Safu ya tano mwanamke akainua kichwa,
akatazama kioo changu, hakukiachia.

Karatasi ikapenyezwa chini ya mlango:
Tafadhali tafsiri kilichosemwa.
Nikaigeuza, nikaandika nyuma yake:
Ndicho nilichotafsiri.
Mkono ulitetemeka. Kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Natoka, ukumbi unakunjwa, mabango yanateremshwa.
Mhandisi kijana, utepe wa kampuni ya Drozdek shingoni,
amesimama na daftari mbele ya Szczyrba.
"Mifuko mingapi?" anauliza. "Na nani alikuwa akiifunga?"
Szczyrba anamtazama viatu kwanza:
kwenye mishono, vumbi jeusi lisilotoka kwa brashi.
Anasukuma vipeperushi pembeni, anavuta kiti.
"Keti. Una kalamu?"
Mezani zilibaki kalamu mia mbili za bure.
Kijana akatoa yake.